Samaki Ukutani, Nahodha Mlangoni

Katika chuo cha ualimu tuliwafundisha vijana kwamba zana ya kufundishia isiyo na maelezo ni pambo tu. Mchoro wa moyo ukitundikwa darasani bila majina ya sehemu zake, mwanafunzi ataukodolea macho muhula mzima asijue damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Kipimo hicho ninakichukua kila ninapoingia mahali pa makumbusho, na ndicho nilichokwenda nacho Malindi, nilipotoka Korogwe kwa basi, nikapita Tanga na Horohoro, kwenda kutazama mambo ya wavuvi wa mchezo.

Msomaji wa Handeni huenda akauliza uvuvi wa mchezo ni kitu gani. Kwetu samaki hufika sokoni amekaushwa na kufungwa matengani, wala hakuna aliyemvua kwa kujifurahisha. Uvuvi wa mchezo ni wa mtu anayelipa fedha ili apambane na samaki mkubwa kwa fimbo na mshipi, na akishinda apigwe picha. Hata hivyo, habari hizi haziko mbali nasi kama zinavyoonekana. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alipokuja Tanganyika kuwinda mwanzoni mwa 1934, alifika pande za Handeni akitafuta tandala, kisha akaenda Kenya akavua baharini Malindi. Kitabu chake cha safari hiyo, Green Hills of Africa, kilitoka 1935. Humo mmoja wa waongozaji wake wa porini anaitwa Garrick, jina la mwigizaji wa Kiingereza wa karne ya 18, alilobandikwa kwa sababu ya madaha yake. Msomaji anabaki kumjua kwa utani huo.

Nilipozuru ni ukumbi wa klabu moja ya pwani ile. Siitaji kwa jina, maana kasoro nitakayoieleza si yake peke yake. Hauitwi makumbusho, lakini ndiyo kazi unayoifanya. Ukutani yupo sulisuli, pezi lake la mgongo limetandazwa kama tanga. Yupo nduaro mwenye mdomo kama mkuki. Yupo fulusi aliyepakwa rangi za kijani na dhahabu, kwa kuwa fulusi akifa rangi zake humtoka. Yapo mataya ya papa, magurudumu ya shaba ya kukunjia mshipi, mizani ya kale, na picha za watu wenye kofia pana waliosimama kando ya samaki warefu kuliko wao.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukumbi ule ni safi, umepangwa kwa mapenzi, na mtoto wa shule akiingia atatoka amejua tofauti ya sulisuli na nduaro kuliko angesoma vitabu vitatu. Tena baadhi ya samaki wale si samaki, ni sanamu. Hilo nalo ni jambo la heri, kwani siku hizi sulisuli wengi hutiwa alama na kurudishwa baharini wakiwa hai, kazi inayosimamiwa huko na African Billfish Foundation ya Watamu.

Kasoro iko kwenye vibao. Chini ya kila samaki pameandikwa mambo matatu: jina la aliyeshika fimbo, uzito, na mwaka. Basi.

Nje, kwenye kivuli cha mkungu, alikaa mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa mashua hizo kwa miaka mingi. Viganja vyake vilikuwa na makovu ya mshipi. Alinionyesha kwa kidole, kupitia mlango uliokuwa wazi, nduaro mmoja, akanitajia uzito wake bila kusoma, na kweli ndio uliokuwa kibaoni. Kisha akaniambia yasiyokuwamo kibaoni: kwamba ilikuwa kaskazi, kwamba aliona ndege wakizunguka pale maji ya kijani yanapokutana na ya samawati, kwamba mgeni alitaka kurudi kwa kichefuchefu, na yeye akamwomba nusu saa zaidi. Nilimwuliza jina lake nilitie katika kitabu hiki. Akasema nisilitie kitabuni kabla halijatiwa ukutani. Nimemheshimu.

Walinzi wa mchezo wana jibu lao. Chama cha kimataifa cha uvuvi huo, IGFA, kilichoundwa 1939, kina kanuni kwamba samaki akishauma ndoana, mshindani apambane naye peke yake. Mtu mwingine akigusa fimbo, rekodi haihesabiwi. Kwa mchezo, kanuni hiyo ni ya haki. Lakini ubao wa matokeo ni kitu kimoja na makumbusho ni kitu kingine. Ubao hutaja mshindi. Makumbusho hueleza jambo lilivyotokea, na samaki wa vilindini hafiki kwenye ndoana kwa nguvu za mshika fimbo peke yake. Atakuja mwingine aseme nahodha alilipwa. Ni kweli, ila mshahara hulipa kazi ya siku, hauununui ukweli.

Katika mji uleule, kwenye Makumbusho ya Malindi, huonyeshwa silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za kale kabisa hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alivuliwa kwa mshipi Anjouan, visiwa vya Komoro, mwaka 1952, na Ahamadi Abdallah. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, ndiye aliyemtambua. Mtaalamu J. L. B. Smith alimpa samaki huyo jina Malania, kwa heshima ya Waziri Mkuu Malan aliyetoa ndege ya kumchukua. Jina hilo la kisayansi limekwisha kuachwa, kwani ilionekana ni samaki yuleyule wa 1938. Majina ya mvuvi na mwalimu tunayo hadi leo kwa sababu tu yaliandikwa.

Somo hili linatuhusu. Majarife ya wavuvi wa Kigombe, kusini mwa Tanga, yamenasa silikanti kadhaa, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mkoa wetu utakapojenga chumba cha kuwaonyesha, kila kibao kijibu maswali matano: ni nini, wapi, lini, nani alimpata, na alijuaje. Swali la tano ndilo lenye elimu. Wazee wanaoweza kulijibu wako hai bado, na kalamu haina gharama kubwa.