Neno “sugu” katika maelezo ya tiba ya mionzi

Hivi karibuni ililetwa mezani pangu, ili isahihishwe, karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa limfoma, yaani saratani ianziayo katika aina fulani ya chembe nyeupe za damu. Kiswahili cha mfasiri ni fasaha. Hata hivyo sentensi moja haikuniridhisha: kwamba tiba ya mionzi hutolewa kwa “limfoma sugu na inayojirudia”. Nilimsomea jamaa yangu mmoja, mzee wa Pangani. Akaniuliza, “Kama ni sugu, mwanangu, mgonjwa apelekwa Dar es Salaam kufanya nini?”

Sugu kwa asili ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama ya kiganja cha mkwezi wa minazi. Katika lugha ya tiba neno hili limekwisha beba maana mbili: magonjwa sugu ni yale yadumuyo, kama kisukari, vimelea sugu ni visivyouawa na dawa fulani. Mfasiri alikusudia maana ya pili. Mzee akasikia ya kwanza, na kukata tamaa juu yake.

Wakisemacho madaktari ni kidogo zaidi: uvimbe haukupungua vya kutosha kwa dawa zilizotumika, au ulikua matibabu yakiendelea. Juu ya mionzi hawajasema kitu. Limfoma nyingi huathiriwa na mionzi hata pale dawa ziliposhindwa. Kwa baadhi ya zile zikuazo polepole, grei 4 tu, zikigawanywa mara 2, mara nyingi hupunguza uvimbe. Pengine mionzi hulenga mahali pamoja ugonjwa uliposalia. Pengine ni ya kutuliza maumivu tu. Mgonjwa atokaye Hospitali ya Bombo, Tanga, kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road ana safari ya kilomita zipatazo 350, nauli ya kutafuta na mwenyeji wa kumpokea. Ataamuaje, ikiwa neno lenyewe limekwisha mfungia mlango?

Watu wa pwani husema ugonjwa “hausikii dawa”. Napendekeza “limfoma isiyosikia dawa za awali”. Ni maneno marefu, nakiri. Tena “kutosikia dawa” nako huweza kufahamika kuwa ni kutopona kabisa. Ndiyo sababu nashikilia kwamba “za awali” yasiachwe.

Ama “inayojirudia”, ladokeza jambo la mara kwa mara, kama homa ya vipindi, ilhali ugonjwa huenda umerudi mara moja tu, baada ya miaka. “Iliyorudi” yatosha.

“Tiba ya mionzi” sina ugomvi nayo, ingawa vitabu vya sayansi vina “mnururisho”. Lakini “kuchomwa mionzi”, iliyoandikwa ukurasa wa pili, iondolewe: asikiaye hufikiri moto au sindano, na mashine iwashwapo mgonjwa hahisi kitu, ijapokuwa ngozi huweza kuwasha na kubabuka siku za baadaye.

Karatasi nimeirudisha. Mfasiri amekubali “iliyorudi” na kuifuta “kuchomwa”. Juu ya “za awali” bado tunaandikiana.