Nani Alivuta?

Pale Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili ambayo wageni wengi huipita wakikimbilia kivuli. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Wa pili ni wa manowari ya Kiingereza, Pegasus. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 meli ya kwanza iliivamia ya pili bandarini Unguja na kuimaliza. Sasa mizinga yao inapigwa na jua moja na kuliwa na chumvi moja, na watoto wa shule huipanda kama punda wa Lamu.

Namjua mzee mmoja anayewashusha watoto hao bila kugomba, kisha akawasimamisha saa nzima wakimsikiliza. Alikuwa karani bandarini Kilindini hadi alipostaafu. Hana kipaza sauti, hana picha za kurusha ukutani. Shule ikimwita huenda, wazee wenzake wakimwita huenda, na malipo yake ni nauli na kikombe cha kahawa. Husimulia vita vya baharini na watu waliokuwamo. Nilipoanza kumfuata nilidhani nitajifunza habari za meli. Nilichojifunza kwanza ni sarufi.

Ana vitenzi vitatu na havichanganyi. Jambo alilolikuta kwenye maandishi husema "imeandikwa". Lililopita mdomo kwa mdomo, "wanasema". Alilolisikia mwenyewe kwa mtu aliyekuwapo, "aliniambia". Mara ya kwanza huoni kitu. Mara ya tatu unagundua kwamba usukani wa mazungumzo yote umefungwa hapo.

Msikilize anavyoizamisha Pegasus. Imeandikwa kwamba ilikuwa imetia nanga kwa ajili ya matengenezo ya mitambo. Imeandikwa kwamba ilikuwa na mizinga minane, na makombora yake hayakumfikia adui, aliyekuwa na mizinga kumi yenye kufika mbali zaidi. Waliokufa? Vitabu havipatani, husema. Hiki kinataja 31, kile 38. Huziacha hesabu zote mbili zikae, hachagui ile iliyo kubwa ili watu wagune. Halafu sauti inashuka: wanasema bendera ilipoangushwa, askari wa meli waliishika juu kwa mikono. Hapo watoto hunyoosha shingo. Msimuliaji mwingine angeipandisha hiyo bendera mpaka machozi yatoke. Yeye husema "wanasema" mara ya pili, polepole, na kuendelea na safari.

Kipande ninachokifuata hasa ni cha mto Rufiji. Huja na boriti, kipande cha mkoko kisichozidi urefu wa mkono, akakipitisha kwa watoto wakinuse. Königsberg ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita mia moja, na ikajificha ndani ya msitu wa miti hiyo, milingoti yake ikiwa imefunikwa majani. Waingereza walikuja kuigundua mwisho wa Oktoba 1914 wakaziba milango ya mto. Mitambo ya meli ilikuwa mibovu. Ndipo anapofika kwenye sentensi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi yake yote.

"Imeandikwa: sehemu za boila zilifunguliwa, zikavutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa."

Hunyamaza. Huokota ile boriti.

"Zilivutwa. Nani alivuta?"

Watoto hutazamana. Mmoja husema Wajerumani. Mwingine husema ng'ombe. Siku moja mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye kalamu mfukoni, nilijibu kwa kujiamini kwamba ni hao wa Kariakoo. Alinigeukia taratibu. "La, bwana. Kariakoo ni wapagazi wa Waingereza, jina la kikosi chao lilivyotamkwa na watu wetu. Hawa walivutia upande wa pili. Ukiwapa jina la wengine utakuwa umewazika mara mbili." Nilinyamaza hadi mwisho, na nadhani masikio yangu yalikuwa mekundu.

Waliovuta walikuwa watu weusi, maelfu, kwa kamba na kwa mabega, kupitia matope na mchanga. Meli ilipozamishwa na wenyewe Julai 1915, mizinga yake yote kumi ilitolewa ikaburutwa vivyo hivyo, mingine ikatiwa magurudumu katika karakana za Dar es Salaam na kupelekwa bara. Mzinga mmoja ulifika hadi Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, hiyohiyo tunayoiita Liemba. Kila mahali, ilitolewa, iliburutwa, ilipelekwa. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa iliyo tamu, na utamu wake ni kwamba unaweza kuitumia kutwa nzima bila kumtaja mtu. Mzee huikamata kauli hiyo kila inapotokea na kuidai mtenda wake, kama karani anayekataa kupokea mzigo usio na hati.

Si kila sehemu anaiweza hivyo. Akifika kwenye Severn na Mersey, zile manowari fupi za Kiingereza, za kina kidogo, zilizojengwa kwa ajili ya Brazil na kuletwa kuingia mtoni kuipiga Königsberg, ukarani wake humshinda. Hutaja vina, hutaja masafa, hutaja ndege iliyokuwa ikirushwa kutoka Mafia kuwaelekeza wapigaji, na watoto huanza kusukumana. Nimemwambia. Amekubali. Bado hataacha.

Baada ya hapo hukaa kwenye kigoda na kutoa saa ya mkono, ya kutia ufunguo. Sasa ni vita vya pili vya dunia. Meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo na watu zaidi ya 1,500, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Imeandikwa kwamba ilizama kwa dakika mbili hivi, na watu 1,297 walikufa. Hatamki tena neno. Huitazama saa, na dakika mbili hupita. Sekunde ya ishirini kuna mtoto atakayecheka, na wenzake watamfuata. Nimeona walimu wakitaka kuwakemea naye akiwazuia kwa kiganja. Kicheko hufa chenyewe. Dakika ya pili huwa ndefu mno.

Habari ya manowari za ulinzi kurusha mabomu ya kuipiga nyambizi mahali palepale walionusurika walikuwa wakielea huisema kwa sentensi moja. Sijawahi kumsikia akiongeza ya pili.

"Aliniambia" huja mwisho, na huja mara moja tu. Ni mzee wa Ukambani aliyekuwa kwenye meli nyingine iliyosafiri pamoja na Khedive Ismail. Mzee wetu alimwendea mara tano kabla ya kuuliza lolote la vita. Ziara za mwanzo waliongea juu ya chakula: mlikula nini, mlipewa saa ngapi, chumvi ilitosha? Daftari lilibaki kwenye mkoba. "Mtu ukimuuliza vita atakupa vita ya redio," aliniambia tukiwa njiani kurudi mjini. "Muulize sufuria." Na kweli, kilichotoka ni kikombe: yule askari alikuwa ameshika chai, akasikia mshindo, akageuka, meli haipo, na chai ilikuwa bado ya moto. Basi. Hakuna kingine alichokumbuka vizuri, na mzee wetu hajamwongezea. Aliyekuwa na miaka 20 siku hiyo leo amepita mia, na yule wa Ukambani alikwisha kuzikwa. Kikombe chake hubebwa kila Jumamosi kikiwa kimejaa vilevile.

Mwezi uliopita mama mmoja, mzaliwa wa Utete, alisubiri wanafunzi waondoke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akasema babu yake mkuu alikuwa miongoni mwa waliovuta, na bega lake moja lilibaki limeshuka hadi anafariki. Mzee alitoa daftari. Ukurasa aliofungua umeandikwa juu "Waliovuta", na chini yake niliona majina mawili, kwa penseli, moja limefutwa likaandikwa upya. Aliinua penseli lakini hakuandika.

"Hilo la bega, nani alikuambia?"

"Bibi yangu."

"Na yeye aliambiwa?"

"Hapana," mama alisema. "Alikuwa akilikanda kwa mafuta ya nazi, kila jioni."

Mzee akaandika.