Jua la Juni, Pamba ya Lalago na Kikinga cha Lenzi

Kikinga jua cha lenzi, au hudi, ni bomba fupi la plastiki au mpira linalofungwa mbele ya lenzi ili mwanga unaotoka nje ya eneo la picha usiangukie kioo cha mbele. Wanaoanza kupiga picha hukidhania kuwa ni pambo, na wengi hukiacha kimegeuzwa nyuma kama kilivyokaa mkobani, kwa sababu hasara kinayoiepusha haionekani kwa urahisi: madoa ya mviringo ya mwanga ni sehemu ndogo tu ya tatizo, na sehemu kubwa ni ukungu mweupe unaotanda picha nzima.

Ukungu huo huzalishwa ndani ya lenzi yenyewe. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoufikia, na lenzi ya kuvuta ya kisasa ina nyuso nyingi za namna hiyo, kwa hiyo mwanga hudundadunda kati yake kabla ya kusambaa juu ya picha. Utando wa kuzuia mwakisiko, ambao Alexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, aliubuni mwaka 1935, ulipunguza sana kasoro hiyo, lakini haukuifuta.

Athari yake huonekana vizuri katika shamba la pamba la Lalago, wilayani Maswa mkoani Simiyu, wakati wa mavuno, pale mvunaji mwenye ngozi nyeusi anapopigwa picha uso wake ukiwa katika kivuli cha pama na nyuma yake pamba nyeupe imepasuka. Tuseme pamba inaleta vipimo 100 vya mwanga na uso unaleta 2, yaani uwiano wa 50 kwa 1. Ukungu ukiongeza vipimo 2 kila mahali, pamba inafikia 102, badiliko lisilotambulika, ilhali uso unafikia 4 na uwiano unashuka hadi karibu 25 kwa 1. Hasara yote, basi, inaangukia uso wa mtu, ambao ndio kiini cha picha, na weusi wake unageuka kijivu kilichopauka.

Kiasi ambacho hudi inaweza kusaidia hutegemea saa. Mwishoni mwa Juni jua la Lalago hufikia kilele karibu saa 6:45 mchana, likiwa upande wa kaskazini kwa nyuzi 63 hivi juu ya upeo wa macho. Kamera ikielekezwa kaskazini bila kuinamishwa, hudi iliyochomoza sentimita 3 hutupa kivuli cha karibu sentimita 6, kinachotosha kufunika kioo chote chenye kipenyo cha sentimita 5.5. Yapata saa 10:30 jioni jua limeshuka hadi nyuzi 30, na mpiga picha anayelielekea hupata kutoka kwa hudi ileile kivuli cha sentimita 1.7 tu, kisichofika theluthi moja ya kioo. Kwa hiyo kifaa hiki humwacha mtumiaji wake katika saa zilezile ambazo mwanga wa Usukumani ni mtamu kuliko wakati wote, na ni vema anayejifunza alijue hilo mapema ili asije akailaumu kamera. Dawa ipo karibu: pama, au kiganja cha mwenzake, kikishikwa mbali kidogo mbele ya lenzi nje ya pembe ya picha, hutupa kivuli ambacho hudi haiwezi kukitupa.

Kurefusha hudi yenyewe si suluhisho kwa lenzi ya kuvuta, kwani urefu wake hupangwa kwa pembe pana zaidi ya lenzi hiyo, na ikizidi hapo itaingia pichani na kuzitia giza pembe nne. Ndiyo maana hudi nyingi zimekatwa mithili ya petali za ua: picha ni mstatili, pembe zake huona mbali zaidi kuliko kingo zake, na mapengo huachwa hapo.

Jua lenyewe likiingia ndani ya picha, hudi haina msaada wowote. Hapo usafi wa kioo ndio unaobaki, maana kila chembe ya vumbi la kiangazi iliyomulikwa na jua hutawanya mwanga kama ukungu ulioelezwa hapo juu, na lenzi iliyobebwa shambani tangu asubuhi inahitaji kupulizwa vumbi na kufutwa kwa kitambaa laini kabla ya picha za jioni.