Dewey na Shule Zilizotengwa
Katika kitabu chake juu ya demokrasia na elimu, kilichotolewa mwaka 1916, John Dewey alieleza kwamba demokrasia ni namna ya kuishi pamoja, na kwamba shule huwakutanisha vijana wa asili, dini na desturi mbalimbali. Fikra hiyo ni adhimu, lakini ina upungufu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuuhalalisha utengano wa rangi mwaka 1896, na kitabu hakikabiliani na sheria hizo zilizowatenga watoto weusi. Iliwabidi wazazi wao kushtaki, hata hukumu ya Brown ya mwaka 1954 ikauharamisha utengano shuleni. Basi mwalimu amsomaye Dewey na azisome hukumu hizo pia.