Matanga Yasiyoanuliwa: Mfungamano wa Mtazamaji Ajuaye Kiswahili na Mhusika Simba katika The Lion King (1994)

1.0 Utangulizi

Filamu za katuni kwa kawaida huhesabiwa kuwa burudani ya watoto. Mtu mzima anayekiri kwamba mhusika wa katuni amebaki moyoni mwake kwa miaka mingi huonekana ama hajakomaa ama anafanya mzaha. Mtazamo huo huliweka kando swali la msingi la kihakiki: ni kwa njia gani umbo lililochorwa, ambalo kila mtazamaji anajua kwamba halijawahi kuishi, humfanya mtu afungamane nalo na hata alililie? Sehemu hii inalijadili swali hilo kwa kuichambua The Lion King, filamu ya Disney iliyotoka mwaka 1994 chini ya uongozaji wa Roger Allers na Rob Minkoff. Filamu hii imeteuliwa kwa kuwa imetwaa majina na semi za Kiswahili. Kwa hiyo, mtazamaji ajuaye Kiswahili huiingia akiwa na maarifa ambayo sehemu kubwa ya hadhira yake duniani haina.

Mazungumzo kuhusu Kiswahili cha filamu hii huelekea pande mbili. Upande wa kwanza ni wa fahari: lugha imefika mbali. Upande wa pili ni wa malalamiko: lugha imetwaliwa bila wenyewe kushirikishwa. Malalamiko hayo yalipata nguvu mwishoni mwa mwaka 2018, pale ombi la mtandaoni lilipoitaka Disney iachie alama ya biashara iliyoisajili nchini Marekani kwa maneno “hakuna matata”. Pande zote mbili zina uzito wake. Hata hivyo, zote mbili humchukulia mtazamaji ajuaye Kiswahili kama mwenye mali tu, ama anayejivunia mali yake ama anayeidai. Hakuna upande unaoeleza kwa nini mtazamaji huyohuyo, anayeyatambua maneno yake katika vinywa vya wengine, bado anashikwa na kwikwi Mufasa anapokufa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mfungamano wa mtazamaji huyo na Simba hautokani na majina. Unatokana na msiba ambao filamu inauanzisha bila kuukamilisha, ndani ya uhusiano wa ukoo ambao Kiswahili huupa uzito kuliko Kiingereza. Majina husaidia pale tu yanapoutumikia msiba huo.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Horton na Wohl (1956) walieleza jinsi msikilizaji wa redio na mtazamaji wa televisheni wanavyojenga ukaribu wa upande mmoja na mtu asiyewafahamu. Maelezo yao yanafaa kuonesha kwamba ukaribu wa aina hii ni sehemu ya kawaida ya mawasiliano ya umma, wala si dalili ya akili changa. Hata hivyo, waliwaangalia zaidi watangazaji na watumbuizaji halisi. Mhusika wa kubuni anahitaji zana nyingine. Murray Smith (1995) anatofautisha hatua tatu: mtazamaji humtambua mhusika kuwa nafsi moja inayoendelea, kisha huwekwa karibu naye kwa kuoneshwa anayoyaona na anayoyajua, hatimaye humuunga mkono kwa kupima maadili yake. Uchambuzi unaofuata unazitumia hatua hizo tatu, ukiuliza katika kila hatua lugha ya mtazamaji inafanya kazi gani. Ikumbukwe kwamba uchambuzi huu ni wa matini. Mtazamaji anayezungumziwa ni yule ambaye matini inamwandalia nafasi, si kundi la watu waliohojiwa.

3.0 Jina: Kutoka Aina hadi Nafsi

Katika hatua ya utambuzi, mtazamaji ajuaye Kiswahili hukutana na kikwazo ambacho wengine hawakioni. Kwa mtazamaji wa Chicago, “Simba” ni jina pekee, na sauti yake haina mzigo mwingine. Kwa mtazamaji wa Tanga, simba ana mtoto, na mtoto huyo anaitwa Simba. Ni kama mtu kumwita mwanawe Mtu. Herufi kubwa inayotenganisha nomino ya pekee na nomino ya kawaida iko katika maandishi tu. Katika kusikia hakuna herufi kubwa.

Kikwazo hicho kina kina kingine cha kifasihi. Katika ngano za Waswahili na za jamii nyingi za Afrika Mashariki, Simba ni mhusika bapa. Ana nguvu, ana hasira, na mara kwa mara anahadaiwa na Sungura. Hana utoto, wala hana mama anayemwogesha. Akifa, hadhira hucheka au hupumua, kisha msimulizi huendelea. Aliyelelewa na ngano hizo amezoea kumtambua Simba kama aina ya tabia, si kama nafsi.

Filamu inaugeuza utaratibu huo tangu onesho la kwanza. Rafiki anamwinua mtoto mchanga juu ya mwamba mbele ya wanyama wote, na hadhira inakutana na Simba asiye na nguvu wala hila, anayepiga chafya. Kisha anapewa yale ambayo ngano humnyima: mchezo, utukutu, woga, aibu mbele ya baba. Kwa hiyo, mtazamaji huyu hafiki kwenye nafsi ya Simba kwa msaada wa jina, bali licha ya jina. Safari yake ni ndefu zaidi, na huenda ndiyo maana anapofika hushika kwa nguvu.

Majina mengine yanathibitisha kwamba ujuzi wa lugha hubadilisha utambuzi. Shenzi, kiongozi wa fisi, anabeba neno ambalo katika historia ya pwani lilitumika kuwadharau watu wa bara. Mtazamaji anayeijua historia hiyo hawezi kumcheka fisi huyo kwa wepesi uleule. Mfano wa wazi zaidi umo katika filamu iliyofuata ya mwaka 1998, The Lion King II: Simba’s Pride. Ndugu mwovu wa mwaka 1994 aliitwa kwa neno la Kiingereza, Scar. Kijana aliyeteuliwa kuwa mrithi wake anaitwa Kovu. Ni neno lilelile katika lugha nyingine. Mtazamaji ajuaye Kiswahili anausikia urithi wa jeraha katika jina lenyewe.

4.0 Ukoo: Mjomba au Baba Mdogo?

Katika hatua ya ukaribu, filamu inamweka mtazamaji ndani ya familia. Hapa Kiswahili kinafanya kazi ambayo watengenezaji hawakuipanga. Katika Kiingereza cha filamu, Simba anamwita Scar kwa neno linalojumuisha ndugu wa kiume wa baba na wa mama pamoja na waume wa mashangazi. Anayemfasiria mtoto filamu hii sebuleni hulazimika kuchagua. Wengi huponyokwa na neno “mjomba”, kwa kuwa ndilo lililozoeleka katika tafsiri za harakaharaka. Neno hilo linaivunja hadithi. Mjomba ni ndugu wa mama, na ndugu wa Sarabi hana dai lolote katika kiti cha Mufasa. Dai la Scar linatokana na kuwa ndugu wa damu wa mfalme. Kwa hiyo, yeye ni baba mdogo, au ami kwa lugha ya pwani.

Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Baba mdogo ni baba. Katika jamii nyingi zinazotumia istilahi hiyo, mtoto akifiwa na baba yake, baba mdogo ndiye anayetarajiwa kusimama mahali pake. Kwa mtazamaji anayefikiri kwa lugha hiyo, tendo la bondeni lina uzito mara mbili. Scar anamuua mfalme, na papo hapo anamuua baba wa pili, yaani yeye mwenyewe, ambaye yatima alikuwa na haki ya kumkimbilia. Simba anabaki yatima wa baba wawili. Anapomwegemea Scar kando ya maiti, anafanya hasa kile ambacho malezi yamemfundisha. Jibu analopewa ni kwamba kosa ni lake na akimbie asirudi tena.

Ukopaji wa filamu hii kutoka Hamlet ya Shakespeare unajulikana sana. Ila Hamlet ni mtu mzima anayemshuku ami yake. Simba ni mtoto anayemwamini. Uaminifu huo ndio unaoifanya hatua ya tatu ya Smith, yaani kuunga mkono, isihitaji hoja. Mtazamaji anayajua ambayo mtoto hayajui, wala hawezi kumwambia.

5.0 Msiba: Nani Anabaki Matangani?

Kiini cha mfungamano kimo katika namna filamu inavyoushughulikia msiba. Katika Bambi ya mwaka 1942, mama anauawa nje ya picha na maiti yake haioneshwi. The Lion King inamruhusu mtoto aifikie maiti. Simba anamsukuma baba yake, anamvuta sikio, anaita msaada bondeni pasipo mtu, kisha anajipenyeza chini ya mkono usio na uhai na kulala hapo. Mtazamaji anashuhudia mtoto akijaribu kutengeneza kumbatio kutoka kwa maiti.

Baada ya hapo, kila linalopaswa kufuata katika msiba linakosekana. Mufasa haoneshwi akizikwa. Mwana hayupo wakati wa kumlilia. Usiku, Scar anasimama juu ya mwamba kuwatangazia simba jike msiba, na katika hotuba hiyohiyo anatwaa ufalme na kuwakaribisha fisi. Katika desturi, neno la urithi husubiri matanga yaanuliwe. Hapa mrithi anajitangaza kabla machozi hayajakauka. Si hivyo tu: hakuna anayempa Simba pole. Timon na Pumbaa wanamwokoa jangwani, wanamlisha na kumchekesha, ila wanamfundisha kuyapa mgongo yaliyopita.

Ni hapa ambapo majina yanarudi na kufanya kazi. Kupumbaa ni kuduwaa, na kumpumbaza mtu ni kumtoa akili kwenye jambo linalomshughulisha. Ngiri huyo mwenye moyo mwema anafanya kama jina lake: anampumbaza mfiwa. Vivyo hivyo, “hakuna matata”, ambayo kwa hadhira pana ni kaulimbiu ya furaha, kwa sikio la Kiswahili ni sentensi ya kawaida yenye maana kamili, na maana hiyo hapa si kweli. Matata yapo. Mfiwa anaambiwa hayapo, naye anakua akiyaamini maneno hayo.

Katika kipindi chote hicho, kuanzia utoto hadi Simba anapoota manyoya shingoni, mtazamaji ndiye anayebaki matangani. Ndiye anayejua nani aliua, ndiye aliyeona maiti, na ndiye ambaye hajapata nafasi ya kuondoka. Filamu imemkabidhi msiba kama amana. Amana hiyo ndiyo mfungamano wenyewe. Rafiki anapompeleka Simba kwenye maji aitazame sura yake, na Mufasa anapotokea mawinguni, mtazamaji anapata kwa mara ya kwanza mwenzake wa kulia naye. Kukiri kwa Scar juu ya mwamba kunausema ukweli hadharani, na mvua inaponyesha juu ya nchi iliyokauka, matanga yanaelekea kuanuliwa. Hata hivyo hayaanuliwi kikamilifu, maana hakuna anayemzungumzia marehemu; kilio kinaruka moja kwa moja hadi kuzaliwa kwa mtoto mwingine. Mtazamaji anaondoka akiwa na sehemu ya amana mkononi. Inaelekea ndiyo maana humrudia Simba hata akiwa mtu mzima, hasa akiwa tayari amezika wa kwake.

6.0 Hoja Kinzani: Nafasi ya Mchoro

Inaweza kupingwa kwamba uchambuzi huu unakipa kisa kila kitu na kuusahau mchoro. Toleo la mwaka 2019, lililoongozwa na Jon Favreau, linasaidia kuipima hoja hiyo. Majina ya wahusika wakuu ni yaleyale, ukoo ni uleule, kifo ni kilekile, na James Earl Jones alirudi kumpa Mufasa sauti yake. Kilichobadilika ni sura: wanyama walitengenezwa kwa kompyuta wafanane na wanyama halisi wa porini. Wahakiki wengi walilalamika kwamba nyuso hizo hazioneshi hisia. Mwaka 1994, nyusi za Simba zilipanda kwa hofu na midomo yake ilitetemeka kama ya mtoto wa binadamu.

Pingamizi hili linapaswa kukubaliwa kwa sehemu. Msiba ndio unaomfunga mtazamaji, lakini lazima uwe na uso wa kukaa. Mchoro hupunguza mnyama na kuacha mistari michache inayotosha kubeba huzuni. Ukiufananisha mno na simba halisi, mtazamaji anarudi kwenye nomino ya kawaida: anamwona simba, hamwoni Simba. Kwa maana hiyo, mchoro unakamilisha kazi iliyojadiliwa katika sehemu ya 3.0, yaani kulitenga jina pekee na jina la aina, na kwa mtazamaji ajuaye Kiswahili kazi hiyo ina umuhimu wa ziada.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba mfungamano na mhusika wa katuni si udhaifu wa umri wala matokeo ya jina lililokopwa. Katika The Lion King, mtazamaji ajuaye Kiswahili anavuka jina linalomzuia, anaingia katika ukoo ambao lugha yake inaujua kwa undani, kisha anaachiwa msiba usiokamilika. Kuna matokeo mawili kwa uhakiki. Kwanza, suala la nani anamiliki maneno ya Kiswahili katika filamu za kigeni ni halali, lakini halitoshi. Lazima liambatane na swali la maneno hayo yanamfanyia nini anayeyaelewa. Pili, tafsiri ya filamu za katuni kwa Kiswahili isichukuliwe kuwa kazi nyepesi ya watoto. Neno moja la ukoo likikosewa, baba mdogo akawa mjomba, kinachopotea ni sababu yenyewe ya kulia.