"Kusugua" au "Kupekecha"?

Baadhi ya wanaofundisha stadi za kuishi porini husema kwamba moto hupatikana kwa "kusugua vijiti". Istilahi hii hatuikubali. Kusugua ni kwenda na kurudi, kama asuguaye sufuria. Mwanafunzi akilifuata neno hilo huenda akachoka bure. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawasugui: husimamisha kijiti chembamba juu ya kipande cha mti chenye kishimo, wakakizungusha baina ya viganja huku wakikikandamiza, hata unga mweusi ukafuka moshi, ndipo wautiapo katika majani makavu na kuupuliza. Kitendo hicho Kiswahili hukiita kupekecha, na kijiti kizungushwacho ni ulindi. Maneno yote mawili yamo kamusini tangu zamani. Hapana haja ya kuunda mengine.