Jadotville: Mtutu Umepimwa, Mtu Hakupimwa

Kila vijana wetu wakikaa kuzungumzia filamu za vita ama michezo ya simu, swali moja halikosi: kati ya bunduki ya mtutu mfupi na ile ya mtutu mrefu, ipi iko muzuri zaidi? Wengi wanachagua fupi. Inapendeza machoni, inaingia ndani ya gari, shujaa wa filamu anaishika kwa mkono mmoja. Leo nataka kulichukua swali hilo kwa uzito, kwa sababu linatusaidia kuhukumu filamu moja inayotuhusu sisi watu wa Katanga: The Siege of Jadotville, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Richie Smyth na kutolewa na Netflix.

Kwa wadogo zetu ambao hawajui: Jadotville ni Likasi, karibu kilomita 120 kutoka hapa Lubumbashi. Jina lilibadilika mwaka 1966, pamoja na Elisabethville. Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, chini ya Moïse Tshombe. Septemba 1961, jeshi la ONU lilianza operesheni iliyoitwa Morthor hapa mjini, kushika posta na redio. Wakati huohuo askari wapatao 155 wa Ireland, chini ya Pat Quinlan, walizungukwa pale Jadotville na majandarma wa Katanga pamoja na mamluki Wazungu. Walipigana tangu tarehe 13 mpaka tarehe 17, wakaishiwa maji na masasi, wakajisalimisha. Kwao hakufa hata mmoja, watano tu waliumia. Upande wa Katanga, hesabu inayotajwa sana ni wafu 300 hivi. Hiyo namba 300 tuiweke pembeni kwanza, tutairudilia.

Turudi kwenye mtutu. Risasi inasukumwa na gesi ya baruti. Mtutu ukiwa mrefu, gesi inapata nafasi ya kusukuma kwa muda zaidi, na risasi inatoka mbio. Ukiukata, risasi inatoka kabla gesi haijamaliza kazi. Nguvu iliyobaki inapotea hewani kama moto na kelele mbele ya uso wa mpigaji. Lakini si risasi zote zinadai urefu mmoja. Risasi ya bastola, ile ya mm 9, iko na baruti kidogo inayoungua haraka. Mtutu wa mm 200 ama 300 unaitosha, na kuuongeza hakuleti faida kubwa. Risasi kubwa ya FAL, ya mm 7.62, inahitaji nafasi. Njo maana kiwanda cha FN pale Herstal, Ubelgiji, kiliipa FAL ya kawaida mtutu wa mm 533, na risasi inatoka kwa mwendo wa mita 840 hivi kwa sekunde. Baadaye walitengeneza FAL ya wanajeshi wa parashuti, yenye kitako cha kukunja na mtutu wa mm 436. Inabebeka vizuri zaidi, lakini imepoteza mwendo kidogo, na inapiga kelele zaidi.

Kwa hiyo anayechagua urefu wa mtutu anajibu maswali matatu. La kwanza, risasi gani? La pili, itapigwa wapi: ndani ya nyumba na magari, ama kwenye uwanja wazi? La tatu, ni nani ataibeba, na atapaswa kusogea mpaka wapi ili imsaidie? Hata fundi wa kijijini anayetengeneza pupu kwa wawindaji hakati bomba hovyo. Anajua mwindaji atasimama umbali gani na mnyama.

Bon. Kwa swali la kwanza na la pili, filamu ya Smyth inastahili sifa, na sifa hiyo naitoa bila kubana. Mwaka ule jeshi la Ireland lilikuwa ndiyo linaanza kuacha Lee-Enfield za zamani na kuchukua FAL. Walikuwa pia na mitrayeti za Carl Gustaf zenye mtutu wa mm 213 hivi, na bunduki nzito za Bren na Vickers. Mtutu wa Vickers peke yake unazidi mm 700. Filamu inaheshimu tofauti hizo. Uwanja ni wazi, nyasi, mahandaki yamechimbwa, na unaona kabisa kwamba silaha ndefu ndizo zinazoshika mstari. Hakuna shujaa anayekimbia na mitrayeti mkono mmoja akiangusha watu mita 400 mbele. Kijana anayependa mtutu mfupi aangalie filamu hii kwa makini: ardhi ya Likasi ilikuwa imeshachagua. Ndani ya jengo la posta hapa mjini, kwenye ngazi na milango, mitrayeti ingekuwa na maana. Kwenye nyasi za Jadotville, mwenye mtutu mrefu ndiye aliyeamua nani asogee na nani alale chini.

Shida yangu inaanza kwenye swali la tatu. Ni nani alikuwa ndani ya zile nyasi?

Majandarma wa Katanga walikuwa na silaha za namna nyingi, na kati yake kulikuwa na Vigneron, mitrayeti ya Kibelgiji iliyobaki kutoka Force Publique. Mtutu wake ni wa mm 300 hivi, inapiga risasi ya mm 9. Ni silaha nzuri ndani ya nyumba, lakini umbali wake wa maana ni kama mita 100. Sasa tuweke hesabu mbili pamoja. Mbele yako kuna FAL na Vickers zinazofika mamia ya mita. Mkononi uko na Vigneron. Ili silaha yako ianze kuwa silaha, unapaswa kuvuka uwanja mzima chini ya moto wa watu waliojificha kwenye mahandaki. Na siku inayofuata ofisa anakuambia uende tena.

Hapo ndipo ile namba 300 inaanza kueleweka. Filamu inatuonyesha mawimbi ya watu wanaokuja na kuanguka, kama vile kuanguka ni tabia yao. Haituonyeshi hata mara moja uwanja ukitazamwa kutoka chini, kutoka kwa kijana aliyelala kwenye majani akihesabu hatua zilizobaki. Kamera imekaa kwenye handaki la Ireland na haitoki. Quinlan tunamjua, Faulques mamluki Mfaransa tunamjua, Conor Cruise O'Brien wa ONU tunamjua, wote wamepewa wachezaji wenye jina. Hata mkaaji wa Jadotville anayebaki akilini ni madame wa Kizungu, aliyechezwa na Emmanuelle Seigner. Lakini tunamaliza filamu bila kujua jina la jandarma hata mmoja, ametoka komini gani, mama yake alikuwa akiuza nini sokoni, aliingia jeshini kwa kuamini Katanga ama kwa kutafuta mshahara. Mtutu umepimwa kwa milimita. Aliyekufa mbele yake hakupimwa.

Najua jibu litakalokuja: "Ile ni filme ya Ba-Irlandais, na bale bazee nabo balizarauliwa." Ni kweli, na silipuuzi. Askari wale walirudi kwao wakaitwa waoga kwa sababu walijisalimisha. "Jadotville Jack" likawa tusi. Walikaa miaka mingi bila heshima, mpaka serikali yao ikawatambua rasmi mwaka 2016. Filamu inayotokana na kitabu cha Declan Power ilisaidia haki hiyo. Ni kazi njema, na kila taifa liko na ruhusa ya kulilia wake. Lakini filamu ikishavuka mipaka haibaki ya Ireland peke yake. Kwa vijana wengi wa Likasi na Lubumbashi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona mwaka 1961 kwenye skrini. Wanajifunza historia ya mji wao kutoka nyuma ya bunduki iliyokuwa inaulenga. Halafu picha yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Hata nyasi si zetu.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1980 Mfaransa Raoul Coutard alitoa La légion saute sur Kolwezi, kuhusu askari wa Legioni walioruka Kolwezi Mei 1978. Ilipigwa Guyane. Wale waliokuwa wameshika Kolwezi walikuwa FLNC, na ndani yao walikuwemo majandarma wa zamani waliokimbilia Angola baada ya Katanga kuanguka mwaka 1963, pamoja na vijana waliowafuata. Yaani watu walewale, jamaa zilezile, kwenye filamu mbili zilizopishana miaka 36, na mara zote mbili kazi yao ni kulengwa. Sisemi walikuwa watu wema. Kolwezi watu waliuawa, Waafrika na Wazungu, na familia zao bado ziko. Vilevile mwaka 1961 makumi elfu ya Waluba walikimbilia kambi ya ONU hapahapa mjini kwa kuogopa utawala wa Tshombe na majandarma wake. Ndani ya familia moja ya Kenya ama Katuba unaweza kukuta babu aliyevaa kofia ya jandarma na shangazi aliyelala kambini. Njo maana hadithi hii haifai kuachiwa kamera moja iliyosimama upande mmoja. Sisi wenyewe hatukuwa upande mmoja.

Tena tusiseme kwamba hapa hakuna watu wa kuisimulia. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hiki, kwa ajili ya waliokuwa maboyi wa Wazungu. Yeye aliutazama mji kutoka jikoni. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima kwenye miaka ya 1970. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na wanahistoria wa chuo chetu kama Donatien Dibwe dia Mwembu, ulikusanya kumbukumbu za watu wa kawaida, wafanyakazi na wake zao. Kazi ipo. Kinachokosekana ni wenzetu wanaosomea sanaa, mawasiliano na historia kuiona kama malighafi ya filamu, na kuacha kungoja Netflix.

Na muda ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 18 wakati ule alizaliwa mwaka 1943. Leo, kama bado yuko, amevuka miaka 80. Wengine wako Likasi, Kipushi, Kolwezi, wamekaa mbele ya nyumba na hakuna anayewauliza kitu, ama wanaogopa kusema kwa sababu neno "jandarma" limebeba siasa nyingi. Ukimpata mmoja, usianze na Tshombe wala Lumumba, atafunga mdomo. Mtie mkononi kikombe cha chai, halafu muulize maswali madogo: Muzee, walikupa bunduki gani? Ilikuwa ndefu ao fupi? Walikutuma usogee mpaka wapi? Nani alikuwa pembeni yako, na jina lake ni nani? Andika lile jina jinsi analolitamka, pamoja na tarehe na mahali, na umsomee tena kabla hujaondoka ili asahihishe.